Gongo, fimbo na mchungaji: Zaburi ya 23 kwa watoto wa miaka 4, 6 na 9

Jumapili ya watoto, mtoto wa kiume wa miaka 6 alisimama mbele ya kanisa akaisema Zaburi ya 23 yote, mistari 6, bila kukwama popote. Vigelegele vikapigwa. Jioni ile bibi yake, aliyekuja kuwatembelea kutoka Mpwapwa, alimkalisha kando yake mkekani. "Mjukuu wangu, umesema vizuri sana. Sasa nieleze, huyo mchungaji ni nani?" Mtoto hakusita: ni mchungaji wa kanisani, yule mwenye gari jeupe. "Na gongo?" Gongo ni pombe, polisi wakikukuta nayo wanakukamata. "Na fimbo?" Hapo mtoto akanyamaza, akamtazama baba yake.

Nyumba hiyo iko pembezoni mwa jiji la Dodoma. Baba ni fundi umeme, mama ana genge la mboga mbele ya nyumba. Binti mkubwa ana miaka 9, wa kati ni huyo wa miaka 6, na mdogo wa kike ana miaka 4. Wazazi hawa si wazembe. Kwa wiki 8 mfululizo, kila siku baada ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku, runinga ilizimwa, baba akafungua Biblia, akasoma Zaburi nzima kipande kwa kipande na watoto wakaitikia nyuma yake. Walizunguka hivyo mara 5 au 6, kama dakika 40. Aliyekosea alisimama. Aliyekosea neno lilelile mara ya tatu alichapwa kiganjani, fimbo moja. Mdogo alikuwa amelala mapajani mwa mama kabla ya mstari wa tatu. Mkubwa aliishika Zaburi yote wiki ya kwanza, wiki 7 zilizobaki akawa anangojea tu wenzake.

Majibu ya yule wa kati hayakuwa ya kipumbavu. Alitumia Kiswahili anachokijua. Mtaani kwao mchungaji ni mtu wa kanisani, gongo ni pombe haramu, na fimbo ni kile alichochapwa nacho aliposahau neno "vyanifariji".

Wazazi wengi hujitetea hapa kwamba mtoto ashike maneno kwanza, maana itakuja akikua. Kuna ukweli ndani yake, na hatuupuuzi: wazee wengi wameyaona maneno waliyoyashika utotoni yakiwarudia kitandani hospitalini, pale ambapo hawawezi tena kusoma. Tatizo ni kwamba neno halikai tupu kichwani mwa mtoto likingojea akue. Asipoulizwa, anajitafutia maana mwenyewe, na akishaipata inaota mizizi. Katika nyumba hii wiki 8 zilikuwa zimemfundisha mtoto kwamba kuna pombe na kiboko ndani ya Zaburi, na kwamba ukivisema bila kukosea watu wanakupigia makofi.

Lugha nayo ina sehemu yake. Biblia iliyokuwa mkononi mwa baba ni ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, tafsiri iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa Kimvita na wa Kiunguja. Kiswahili chake ni kizuri mno, na ndicho ambacho makanisa mengi bado husoma kwa sauti, kwa hiyo hatushauri kuiacha. Habari Njema, iliyotoka miaka ya 1990, ni nyepesi kwa mtoto, na inafaa ikae pembeni kama msaada. Mstari wa kukariri utoke katika tafsiri moja tu. Mtoto anayesikia maneno mengine kanisani na mengine nyumbani hukwama palepale yanapopishana.

Mama na bibi waliendelea na kazi ile kesho yake kwa daftari na penseli. Walimchukua kila mtoto peke yake, wakataja neno moja moja, wakaandika jibu kama lilivyotoka, bila kucheka na bila kusahihisha. Hii ndiyo hatua tunayoiona ya maana kuliko zote katika kisa hiki, nayo haikuchukua zaidi ya robo saa kwa kila mtoto. Orodha yao ilifunua mengi. "Bwana" ni bwana harusi. "Nafsi yangu" ilikuwa inasemwa "nafasi yangu", na mtoto aliielewa hivyohivyo, kwamba Mungu anampa mahali pa kukaa. "Wema na fadhili zitanifuata" wa kati aliwaza ni watu wawili, kwani darasani kwao yuko Fadhili na mtaani yuko Wema. "Waandaa meza" kwa mkubwa ilikuwa "wao wanaandaa", akawa anajiuliza hao ni akina nani.

Neno zito kuliko yote lilikuwa "hunilaza", na lilitoka kwa mdogo. Kulazwa, alisema, ni kupelekwa hospitali. Mwaka uliotangulia mama yake alikuwa amelazwa siku 4, na mtoto aliachwa na dada wa kazi. Tena msibani alikuwa amesikia kwamba marehemu "amelala katika Bwana". Hivyo usiku kwa usiku, nusu usingizini, alisikia kwamba Bwana humlaza. Mama yake alikumbuka kwamba kwa majuma kadhaa mtoto huyu alikuwa akigoma kwenda kitandani taa ikizimwa. Hatusemi Zaburi ndiyo iliyosababisha. Ila mwalimu yeyote wa watoto akiona jibu la namna hiyo, asimame kwanza kabla ya kuendelea na mstari mwingine.

Mpango mpya uliwekwa kwa wiki 6, mstari mmoja kila wiki. Muda ulihamishwa kutoka usiku hadi saa 12:30 jioni, watoto wakishaoga, kabla ya chakula. Mtoto aliyeamka saa 11 alfajiri kwenda shule, ikifika saa 3 usiku masikio yake yameshafunga. Dakika ni 10, na saa iwekwe mahali mzazi anapoiona. Mdogo anashiriki dakika 5 za mwanzo, kisha yuko huru kuchora au kuondoka. Wote wanakaa chini mkekani, baba naye chini. Hili la baba kukaa chini watu hulidharau, lakini mtu mzima anayesoma amesimama juu ya watoto huonekana anatoa hukumu, hata sauti yake iwe laini namna gani.

Fimbo iliondolewa kabisa katika somo. Baba alikuwa na hoja yake, Mithali 13:24, kwamba asiyetumia fimbo humchukia mwanawe, na ni hoja ya kujibiwa kwa heshima. Mstari ule unazungumzia kumrudi mtoto, yaani kumrekebisha mwenendo. Kusahau neno "vyanifariji" si utovu wa adabu, ni kumbukumbu ambayo haijakomaa. Na hata anayeamini katika fimbo kwa makosa mengine ataona kwamba hapa inaharibu somo lenyewe: mtoto aliyechapwa ndani ya mstari wa nne hawezi kusikia faraja ndani ya mstari wa nne.

Juma lilikwenda hivi. Jumatatu ni kuuliza: neno hili kwako ni nini? Jumanne na Jumatano ni kuonyesha kitu cha kushika, kuonja au kutazama. Alhamisi ndipo maelezo yanapotolewa, sentensi 3 au 4 tu. Ijumaa na Jumamosi ni kukariri. Jumapili hakuna jipya, wanasema mistari yote waliyokwisha kuishika mara moja na kuomba. Wazazi wengi huanza na kukariri kisha wakaeleza mwishoni, wakati mtoto amechoka. Hapa mpangilio uligeuzwa, kwani mtoto anayekijua anachokisema hukariri kwa kurudia mara chache zaidi. Mstari wa kwanza, yule mtoto wa kati alirudia mara 3 kila jioni kwa jioni 2, basi.

Mstari wa kwanza ulianzia kwenye kitenzi. Kiswahili chenyewe kina ufunguo: anayepika ni mpishi, anayelima ni mkulima, anayechunga ni mchungaji. Wanyama kwanza, kanisa baadaye. Mtoto akishaelewa kwamba mchungaji ni mtu wa kondoo, ndipo unamwambia kwamba yule wa kanisani amepewa jina hilo kwa sababu amewekwa awaangalie watu kama kondoo wanavyoangaliwa. Ukianza na yule wa kanisani, Mungu anabaki na suti na gari jeupe.

"Sitapungukiwa na kitu" ilileta swali siku ileile: mbona jana sukari ya uji iliisha? Mama alijibu vizuri. Hakusema Mungu ataleta sukari, wala hakumnyamazisha. Aliuliza kondoo anahitaji nini. Wakataja majani, maji, mahali pa kulala, mtu wa kumfukuza fisi. Akauliza kondoo akikosa pipi, amepungukiwa? Sukari ikabaki haijajibiwa kikamilifu, na ni sawa. Ahadi kubwa kuliko unayoweza kuisimamia humrudia mzazi siku mtoto anapougua au ada inapokosekana.

Mstari wa pili ulifika mwezi wa Septemba, na Dodoma mwezi huo hakuna majani mabichi. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mwalimu wa haraka angeonyesha picha ya bonde la kijani kutoka kwenye kalenda. Familia hii ilifanya jambo bora. Jumamosi walipanda basi la saa 12 asubuhi kwenda kijiji kimoja cha Chamwino kwa mjomba wa mama, mwenye kondoo na mbuzi wake. Walitembea na kundi kwa muda wa saa 2 hivi, kabla jua halijawa kali.

Huko ndiko fimbo ilikopata maana mpya. Mjomba alisimama chini ya mgunga, akainua fimbo yake ndefu, akalipiga tawi. Maganda makavu yakadondoka kama mvua, kondoo wakakimbilia kuyala. Akainamisha tawi la miiba kwa ncha ya fimbo, mwanakondoo akapita. Akamgusa mmoja ubavuni, taratibu, aliyekuwa anakaribia ukingo wa korongo. Kiunoni alikuwa na rungu, na wa kati alipouliza la nini, aliambiwa ni la fisi. "Na kondoo unampiga nalo?" Mjomba akashangaa: "Nimpige nalo? Si nitamuua!" Kati ya maelezo yote ya mtu yeyote juu ya mstari wa nne, tunadhani hayo maneno manne ndiyo yaliyofanya kazi. Gongo katika Kiswahili cha zamani ni fimbo nene ya kupigania, na ndivyo ilivyo kwa Kiebrania cha mstari huo: kitu cha kwanza ni rungu la kumpiga adui, cha pili ni fimbo ya kuegemea. Katika mstari huu, hakuna kati ya viwili hivyo kinachotumika kumwadhibu kondoo.

Majani waliyoyaona yalikuwa ya manjano. Mjomba aliwapeleka mahali korongo linapopinda, ambapo ardhi ina unyevu na kuna kijani kidogo. Akawaonyesha shimo lililochimbwa mchangani na hori la kunyweshea. Kondoo hawapendi maji yanayokimbia, alisema. Yakiwa yametulia hunywa wakashiba. Mtoto aliyekuwa anadhani "malisho ya majani mabichi" ni uwanja ulio kila mahali, alijifunza kwamba ni sehemu chache ambazo mchungaji anazijua na kondoo hawazijui. Kwa ajili hiyo Dodoma ni mahali pazuri pa kuisomea Zaburi hii kuliko nchi ya mvua. Milima ya Yudea alikochungia Daudi nayo ni kavu sehemu kubwa ya mwaka.

Na "hunilaza"? Mdogo aliwaona kondoo walioshiba wakipiga magoti ya mbele na kujilaza kivulini kucheua. Mjomba alisema kondoo mwenye njaa halali, mwenye hofu halali. Jioni ile nyumbani mama alimwambia mdogo neno moja tu: mchungaji humlaza kondoo hivi, akiwa ameshiba, na asubuhi anaamka. Hospitali ni neno jingine linalofanana. Wasio na jamaa mwenye mifugo wanaweza kwenda mnadani au zizini kwa mtu, muda wa nusu saa. Video ya simu ni hatua ya mwisho, maana haina harufu wala vumbi, na mtoto huitazama kama katuni.

Sarufi ilisaidia kuliko walivyotarajia. "Hu-" ya hunilaza, huniongoza na hunihuisha ni ile ya mambo ya kila siku. Mkubwa alipewa kazi ya kuwafundisha wadogo kwa kujaza: mama huni..., baba huni..., dada huni.... Wakasema hunipikia, hunibeba, hunifulia. Baada ya hapo "hunilaza" haikuwa tena tukio moja la kutisha. Mkubwa alihitaji kazi ya namna hiyo. Mtoto wa miaka 9 akiwekwa kusubiri wadogo huchoka na kuvuruga. Akipewa penseli na jukumu, anakuwa mwalimu msaidizi.

Mstari wa tatu ulikuwa mfupi katika utekelezaji. Kosa la "nafasi" lilirekebishwa kwa kuitamka nafsi polepole, huku mkono uko kifuani. "Hunihuisha" inatokana na hai, na kitu cha kuonyesha kilikuwa kopo la mchicha la mama. Halikumwagiwa asubuhi, saa 8 mchana majani yakawa yamelala. Likamwagiwa kikombe kimoja. Saa 12:30 walipokaa mkekani, mchicha ulikuwa umesimama. Kitu kimoja cha kuangalia: usikauke mno hata ukafa, na jaribio lifanyike mara moja kabla bila watoto.

Mstari wa nne ulipewa wiki 2 badala ya moja, kwa sababu kulitokea msiba nyumba ya tatu. Watoto walisikia vilio. Tunakazia hapa: kwa mtoto wa miaka 4, sema "amekufa". Usiseme amelala, amesafiri, wala Mungu amemchukua. Aliyelala huamshwa, aliyesafiri hurudi, na Mungu anayechukua baba za watu ni wa kuogopwa usiku. Mama alisema: babu yule amekufa, mwili wake hauumwi tena, hatutamwona hapa tena, na sisi tunaamini yuko mikononi mwa Mungu. Mtoto aliuliza swali hilohilo mara 5 katika siku 3, na kila mara akapata jibu hilohilo kwa maneno yaleyale. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukibadilisha maneno kila mara ukidhani unaeleza zaidi, unamwonyesha kwamba hata wewe huna hakika.

Kwa "bonde la uvuli wa mauti" Habari Njema ina "giza kuu", na kwa mdogo hilo lilitosha. Kitendo kilikuwa kutembea uani usiku, hatua 20 kutoka mlangoni hadi tangini na kurudi, tochi imezimwa, mkono wa baba umeshikwa. Mdogo alibebwa. Sharti lake ni kwamba mtu mzima haachii mkono, hafanyi sauti ya kutisha, na mtoto akisema "washa", tochi inawashwa papo hapo bila maneno. Mkono ukiachiwa mara moja tu kwa utani, somo limekufa.

Mkubwa ndiye aliyegundua jambo ambalo wazazi hawakuwa wamelitazama. Alipewa apige mstari chini ya kila neno linalomtaja Mungu. Mistari 3 ya kwanza Daudi anasema habari za Mungu: hunilaza, huniongoza. Alipoingia bondeni akaacha kusema habari zake, akaanza kusema naye: "Wewe upo pamoja nami." Binti akauliza kwa nini amebadilisha. Baba akamrudishia swali. Akafikiri, akasema, "Kwa sababu kuna giza." Baada ya hapo "waandaa" nayo ikafunguka: ni wewe waandaa, yaani unaandaa, kama "vyanifariji" ilivyo vinanifariji.

Mstari huu ndio mrefu, una vipande 5, na ulishikwa kwa vidole. Kidole gumba: Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti. Cha pili: sitaogopa mabaya. Cha kati, kirefu kuliko vyote: kwa maana Wewe upo pamoja nami. Cha nne: gongo lako na fimbo yako. Cha mwisho: vyanifariji. Mdogo alifundishwa kidole cha kati peke yake. Mtoto akikwama, mtu mzima anashika kidole husika na kutoa silabi ya kwanza tu, kisha anangoja akihesabu moyoni hadi 5. Wazazi wengi hungoja sekunde moja wakasema neno lote, na mtoto hajifunzi kulitafuta mwenyewe.

Wiki ya mstari wa tano iliharibika. Baba alipata kazi nje ya mji siku 9, genge lilifungwa usiku, na jioni 4 hazikuwa na somo. Mama alijaribu kufidia kwa kufanya mistari 2 kwa mpigo Jumamosi, watoto wakachanganya yote, na wa kati akalia. Siku iliyopotea isifidiwe. Unaanzia pale ulipoachia, hata kama wiki inakuwa mbili. Dada wa kazi naye angeweza kuongoza dakika 5 za kurudia, na hakuna aliyemwomba.

Kikombe kinachofurika kilipendwa mno. Kikombe cha bati kiliwekwa katikati ya sinia, maji yakamiminwa hadi yakapita ukingo na kujaa sinia, kisha yakaenda kwenye mchicha, kwani Dodoma ndoo ya maji haimwagwi hovyo. Kosa lilikuwa kurudia kila jioni kwa sababu watoto waliomba. Siku ya tatu ulikuwa mchezo wa maji na hakuna aliyesikia mstari. Mara moja inatosha, na watoto wawe na hamu. Mafuta kichwani yalikuwa rahisi: mafuta ya nazi yaleyale ya baada ya kuoga, safari hii mama akimpaka kila mtoto polepole na kumwambia, "Karibu, mgeni wangu." Kwa Wayahudi kumpaka mgeni mafuta kichwani ilikuwa heshima, na Yesu mwenyewe alimkumbusha mwenyeji wake hilo katika Luka 7:46.

"Machoni pa watesi wangu" ilihitaji tahadhari. Wa kati alitaja mtesi wake papo hapo, mvulana wa darasa la juu anayemnyang'anya hela ya kula. Wazazi hawakuwa wanajua. Mama aliacha somo pale, akamsikiliza, na asubuhi akaenda shuleni kuonana na mwalimu wa darasa. Angeendelea na kukariri, mtoto angejifunza kwamba Biblia ni mahali ambapo unataja shida yako na watu wazima wanasoma mbele. Upo na upande wa pili: mtoto anaweza kuutumia mstari kuringa, mimi nakula wewe unatazama. Mkubwa aliliona akauliza kama mtesi naye anaweza kualikwa mezani. Liliachwa liwe swali lake.

Swali gumu kuliko yote lilikuwa limeulizwa tangu kule Chamwino, ndani ya basi wakirudi, tena na mkubwa: "Lakini mjomba si huwa anawachinja?" Baba alisema, "Swali hilo nitalijibu Jumatano," na Jumatano akalijibu, jambo ambalo kwa mtoto lina uzito kuliko jibu lenyewe. Alikubali kwanza: ndiyo, anawachinja, Krismasi ulikula. Kisha akafungua Yohana 10:11, "Mimi ndimi mchungaji mwema. Mchungaji mwema huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo." Kwa mjomba, kondoo hufa ili mjomba ale. Hapa mchungaji ndiye anayekufa ili kondoo waishi. Binti alinyamaza kwa muda. Kwa mtoto wa mjini asiyemwona kondoo akichinjwa, swali hilo halizuki, na Yohana 10 hupita bila kumshtua.

Mstari wa sita ulichukua jioni 4 tu. "Fadhili" si jina la mtu hapa, ni mema unayotendewa bila kulipa, na mtoto mwenye rafiki anayeitwa hivyo aliambiwa kwamba wazazi wake walimpa jina hilo kwa sababu hiyo. Mwisho wa wiki ya 8, kwa kuwa mbili ziliongezeka, mkubwa na wa kati walikuwa na Zaburi yote, na mdogo ana kidole cha kati. Yule wa kati sasa hukwama mahali pawili ambapo zamani hakukwama, maana anafikiri anaposema. Baba aliona ni kurudi nyuma. Sisi hatuoni hivyo, na makwamo hayo huisha yenyewe yakirudiwa mara moja kwa wiki.

Somo walilolichagua baada ya hili ni Luka 15, kondoo aliyepotea na shilingi iliyopotea, na mtego umekaa palepale. Union Version inasema mwanamke alikuwa na "shilingi kumi" akapotewa na moja. Mtoto wa leo atauliza mbona awashe taa na kufagia nyumba nzima kwa shilingi moja isiyonunua hata pipi. Fedha ile ilikuwa kama malipo ya kutwa ya kibarua, kwa hiyo Jumatatu waulizwe kwanza baba analipa kiasi gani kwa anayemsaidia kubeba nyaya siku nzima, kisha wafikirie akiba ya siku 10 na moja imepotea. Jumanne ifichwe sarafu ya 500 chini ya mkeka, si ndogo zaidi ya hiyo kwa sababu ya mdogo na mdomo wake, taa zizimwe, mkubwa ashike tochi na wa kati afagie. Sarafu ihesabiwe imerudi mfukoni mwa mama kabla ya kwenda kula.